Chenga Katika Uso wa Bibi Harusi

Kamera ile ilikuwa na umbo la tofali, na badala ya filamu ilikula diski, zile diski bapa za kompyuta zenye mlango mdogo wa bati. Unaichomeka diski ubavuni, unabonyeza, inakoroma ndani kama paka aliyeshiba, halafu picha inajitokeza kwenye kioo cha nyuma. Papo hapo! Picha yangu ya kwanza nilimpiga kuku, na nilipoiona nilimkimbiza yule kuku ua mzima nikitaka kumwonyesha.

Niliipata katika duka la wapiga mbizi ufukweni Diani, ambako kazi yangu ilikuwa kusuuza mavazi yao ya mpira na kuyaanika. Zile mvua za El Niño zilikuwa zimepita, wageni wamepungua, hoteli zina vyumba vitupu, na mzungu mwenye duka akaamua kufunga arudi kwao. Siku ya kufungasha aliniachia katoni ya makorokoro: miwani iliyopasuka, mapezi ya mpira yasiyo na wenzake, na kamera. "Taa yake imekufa," aliniambia, akimaanisha ule mmweko wa mbele. "Lakini mchana inafanya kazi." Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimeshaikumbatia.

Wakati huo nilikuwa mwanamke wa kuhamahama. Shule niliiacha darasa la saba, kwetu Mkongani, kwa kukosa subira tu, na tangu hapo nilikuwa nimekaanga viazi vya karai Ukunda, nimetandika vitanda katika hoteli ya kisiwani Chale, nimeuza mitumba, nimejifunza kushona na kuacha kabla sijafika kwenye mikono ya shati. Kila kitu kilinivutia mpaka nilipojua kinafanyaje kazi, kisha miguu ikaanza kuniwasha.

Chumba nilikuwa nimepanga Bongwe, uani kwa bibi mmoja ambaye alikuwa mpambaji wa maharusi. Nasema mpambaji, lakini neno hilo ni dogo. Mikono ya yule bibi ndiyo iliyochora hina na piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, katika nusu ya wanawake walioolewa upande ule, na hata alipozeeka akawaachia wengine brashi, hakuna bibi harusi wa ukoo wake aliyetolewa mbele ya watu kabla yeye hajamkagua. Alimzunguka kama mtu anayenunua kanzu. Alinusa kikuba, kile kishada cha asumini cha kifuani, akainua kiganja, akatazama wanja wa jicho hili na wa jicho lile. Akiridhika, anatolewa. Asiporidhika, kazi inaanza upya, hata kama wageni wameshakaa ukumbini wanapigana na pilau.

Sasa mjukuu wake mwenyewe, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa anaolewa. Na wiki chache kabla ya harusi, bibi akateleza kisimani akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya Msambweni, mguu umefungiwa uzito ili uvutike, marufuku hata kuketi. Kuahirisha hakukuwezekana, maana bwana harusi alikuwa baharia na likizo yake ilikuwa inakwisha. Bibi mwenyewe alikataa katakata neno la kuahirisha.

"Mke mwenzangu aolewe," alisema nilipokwenda kumwangalia. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mimi nimefungwa jiwe kama mbuzi, yeye amekosa nini?"

Lakini mke mwenzake alikuwa na kichwa kigumu kama cha kwake. Akiwa ndani chumbani, amekwisha kuanza kusingwa mwili kwa manukato na hatoki tena juani, alimtangazia mama yake mkubwa, ambaye ndiye aliyebebeshwa kazi ya kupamba:

"Sitolewi mpaka Bibi anione."

"Atakuonaje, mwanangu? Tumbebe na kitanda?"

"Sijui. Lakini sitolewi."

Mama mkubwa alitoka uani akaketi juu ya mbuzi wa kukunia nazi, bila nazi. Nilikuwa nafua. Povu lilinikauka mikononi, maana wazo lilikuwa limenipanda kichwani kwa nguvu mpaka nilisimama.

"Mama mkubwa! Tumpige picha!"

Alinitazama kama nimetukana. Nilijua kwa nini. Mtaa mzima ulikumbuka kisa cha jirani aliyepigwa picha siku ya harusi, nywele wazi, mabega wazi, shingo imejaa dhahabu. Filamu ikapelekwa studio ikasafishwe, na mwenye studio alivyoipenda picha akaikuza akaitundika dirishani kuvutia wateja. Wiki nzima wanaume wa Ukunda walipita pale wakimtazama mke wa mtu, mpaka kaka zake walipokwenda na marungu.

"Hii haina filamu," nilimwambia. "Haiendi studio. Inaingia kwenye diski, diski inaingia kwenye kompyuta, na kompyuta nitakayoitumia ni ya mwanamke mwenzetu. Hakuna mwanamume atakayeiona. Hata mmoja!"

Nilikimbia kuileta. Nikampiga picha palepale, na mbuzi wake. Alijitazama kwenye kioo kidogo, akarekebisha mtandio, akasema, "Piga tena, hapo nimekaa kama gunia." Nikajua nimeshinda.

Siku ya hina walinifungulia mlango wa chumba cha bibi harusi. Kilikuwa chumba cha giza la makusudi: dirisha dogo, pazia zito, kandili moja juu ya kabati, moshi wa udi. Nilipiga mikono, nikapiga miguu, nikapiga uso. Kwenye kile kioo kidogo kila kitu kilikuwa kizuri. Wanawake walipiga vigelegele.

Yule mwanamke mwenzetu alikuwa rafiki yangu kutoka bara, karani katika hoteli moja ya Diani, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, ambaye kwa uchache wa wageni alikuwa amebaki kutengeneza menyu na vibandiko vya milangoni. Tulifunga mlango wa ofisi, tukaingiza diski, picha ikafunguka ikajaa kioo kikubwa. Rafiki yangu akasogeza kiti karibu.

"Ai," alisema. "Huyu ameugua?"

Uso mzima ulikuwa umejaa chenga. Si chenga nyeupe tu kama za televisheni isiyoshika stesheni. Hizi zilikuwa na rangi, nyekundu, buluu, kijani, zimemwagika mashavuni, kwenye paji la uso, kila mahali penye kivuli. Hina kwenye viganja ilikuwa imevurugika kabisa, kama mtu amepaka matope. Tukachapisha hivyo hivyo kwa mashine yao ya rangi, nikiomba Mungu karatasi isione tulichokiona sisi.

Iliona. Mama mkubwa alipoishika alipiga yowe.

"Umemtia mwanangu surua!"

"Si surua, Mama mkubwa, ni kamera."

"Basi kamera ina surua, na imemwambukiza!"

Nilikwenda nayo Msambweni hata hivyo, wakati wa kuona wagonjwa. Bibi aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaifuta kwa ncha ya leso yake. Aliifuta mara ya pili. Kisha akanirudishia kwa upole ulioniumiza kuliko yowe la binti yake.

"Uso nauona, mwanangu. Kazi siioni."

Hapo nilielewa alichokuwa anadai. Hakutaka ukumbusho wa kuweka chini ya mto. Alitaka kukagua, kama alivyokagua wote. Alitaka aone mstari wa wanja umeanzia wapi na umeishia wapi.

"Harusi bado, Bibi," nilimwambia. "Nitaleta nyingine."

"Inshallah. Lakini usiniletee ugonjwa mwingine, uliomo humu wodini unatosha."

Nilirudi Bongwe nikiwa na moto. Sina namna nyingine ya kuueleza ule msisimko. Kulikuwa na kitu ndani ya tofali lile kilichokuwa kinanichezea, na nilitaka kukijua kabla ya harusi.

Kwanza nilidhani ni mchanga. Mtu yeyote wa pwani angedhani hivyo, maana mchanga wa Diani huingia kwenye saa, kwenye redio, kwenye mkate. Nilifuta lenzi kwa pamba, nikapuliza mle mwa diski, nikaitikisa sikioni nisikie kama inacheza. Kisha nikadhani ni moshi wa udi. Mama mkubwa alidhani ni jicho la hasidi, akaifukiza kamera yenyewe, kwa hivyo kwa muda ikawa kamera yenye chenga inayonukia vizuri.

Nikaitoa uani juani nikapiga ukuta. Safi! Hakuna hata chenga moja. Nikaingia jikoni penye giza nikapiga sufuria. Chenga tele. Nikatoka, nikaingia, nikatoka. Basi tatizo ni giza. Kamera ikikosa mwanga inabahatisha, na pale inapobahatisha inamwaga rangi ovyo.

"Mama mkubwa, tumtoe uani kidogo tu, dakika moja, akishapambwa!"

Alinyoosha kidole juu. Nyuma ya ukuta, katikati ya makuti ya mnazi, mgema alikuwa amekaa na kibuyu chake, anagema tembo na kuimba. Wagema wa kule hupaza sauti kabla ya kupanda ili wanawake wajistiri, lakini wakishafika juu hakuna ua usioonekana.

"Utamfumba macho yule?" aliniuliza.

Nikarudi jikoni kwenye sufuria yangu. Nilikuwa nimeiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, kwa uvivu wa kuishika, na nilikuwa nabonyeza tu, picha baada ya picha ya sufuria ileile, nikizitazama moja moja kwenye kioo na kuzikuza kwa kile kitufe cha pembeni. Na hapo nikaona. Kwenye picha ya kwanza kulikuwa na chenga nyekundu kubwa juu ya mkono wa sufuria. Kwenye ya pili, mahali palepale, hapakuwa na kitu. Chenga ilikuwa imehamia kwenye kifuniko. Kwenye ya tatu ilikuwa imehama tena. Sufuria haikuwa imesogea. Sufuria ilikuwa ileile kila mara. Zilizokuwa zinahama ni chenga!

Nilipiga kelele. Jirani aliuliza kupitia ukutani kama nimeumwa na nge.

Ikiwa kitu cha kweli kinakaa na uongo unahama, basi picha nyingi zikikutanishwa zitakubaliana kuhusu sufuria na kubishana kuhusu chenga. Hivyo ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayohayo, huku navuka barabara kuu pale Ukunda bila kutazama kulia wala kushoto.

Rafiki yangu alikuwa anatengeneza menyu ya samaki.

"Unaweza kulaza picha moja juu ya nyingine?" nilimuuliza hata kabla ya salamu.

"Shida gani tena, dada? Kaa kwanza, unahema kama mbwa."

"Unaweza au huwezi?"

"Naweza. Si ndivyo naweka huyu samaki juu ya bahari? Unaifanya ya juu iwe nyepesi, ya chini inaonekana. Simple tu."

"Basi laza sufuria."

"Sufuria gani sasa?"

Tulilaza sufuria ya pili juu ya ya kwanza, akaipunguza nguvu ikawa nusu. Chenga zikafifia kidogo. Tukalaza ya tatu, nayo nusu. Ya nne, nusu. Tukatazama. Chenga zilikuwa palepale, hazikupungua zaidi.

"Imekataa," alisema. "Wacha nirudi kwa samaki wangu."

Nilitoka nikazunguka ile bustani ya hoteli, nikitazama mafundi bustani wakila pamoja kwenye sinia moja kivulini. Walikuwa wanne. Mmoja alichelewa, na alipofika wenzake wakamsogezea upande wake wa wali. Nilisimama nikawatazama mpaka wakanikaribisha.

"Ahsanteni, nimeshiba!" nilisema, nikakimbia kurudi ofisini.

Tulikuwa tumekosea mgao. Picha ya mwisho tuliipa nusu ya sinia peke yake, na zote zilizotangulia zikabanana kwenye nusu iliyobaki. Ndiyo maana chenga za ile ya mwisho zilitamba. Mgeni wa pili anapewa nusu, sawa. Lakini wa tatu apewe theluthi, wa nne robo, wa tano moja ya tano, ili mwisho wote wawe wamekula sawa. Nilimweleza kwa vidole juu ya meza.

Alinitazama, akatazama kompyuta, akaanza kupunguza nguvu ya kila picha kama nilivyomwambia. Theluthi. Robo. Na kadiri alivyoendelea, jikoni kwetu Bongwe kukaanza kutokea mbele ya macho yetu kama mtu anayesogea karibu kutoka ukunguni. Kutu kwenye mkono wa sufuria. Masizi. Alama za kijiko pembeni. Rafiki yangu aliinuka kwenye kiti.

"Wee! Wee! Hii ni miujiza!"

"Si miujiza, ni sufuria!"

Tulishikana mikono tukaruka kama watoto, na menyu ya samaki siku ile haikukamilika.

Lakini sufuria haipumui. Binadamu anapumua, anapepesa macho, anajikuna. Angesogea kidogo tu, picha zisingekubaliana hata kuhusu yeye. Nilirudi Bongwe nikiwa na wasiwasi huo, nikamuuliza mama mkubwa kwa sauti ya kubembeleza kama bibi harusi anaweza kukaa muda bila kutikisika.

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Na kwani sisi tunamfundisha nini siku zote hizi?"

Nilijipiga kichwa. Bibi harusi wa kwetu akitolewa hukaa kimya juu ya kiti, macho ameinamisha, hatabasamu, hageuki, na wanawake wa mji mzima wanapita mbele yake wakimtazama na kumsifu. Kutulia kwake ndiyo heshima yake. Tangu awekwe ndani alikuwa akizoezwa jambo hilo hasa. Hakuna mtu katika nchi nzima aliyefaa zaidi kwa kamera mbovu.

Siku yenyewe walimpamba mapema, mara baada ya adhuhuri, ili nipate muda wa kufika Msambweni. Nilikuwa nimegundua pia kwamba kamera ikipata joto chenga huongezeka, au nilidhani nimegundua. Basi asubuhi nzima niliizungushia leso nikaiegemeza kwenye mtungi wa maji, na wanawake waliokuja kukata vitunguu waliniuliza kama mtoto amelala. Nilikipindua kinu chumbani, nikaweka juu yake kifuko cha mchele, na juu ya mchele nikaikalisha kamera ikakaa kama kuku anayeatamia.

Bibi harusi alikuwa amekalishwa kitini. Sitaeleza alivyokuwa. Sikupewa ruhusa ya kueleza, nilipewa ruhusa ya kupiga tu.

"Hata nzi akitua puani, mwache amalize safari yake," mama mkubwa alimwambia.

Nikabonyeza. Kamera ikakoroma. Nikangoja imalize kuandika kwenye diski, nikabonyeza tena, kwa ncha ya kidole, nikizuia pumzi yangu mwenyewe. Yeye alikuwa jiwe. Kope hazikutikisika. Mlangoni shangazi mmoja mchokozi alinong'ona, "Mwacheni, anamwota baharia," na nikaona kona ya mdomo wake ikipanda.

"Nyie huko!" mama mkubwa akafoka. Mlango ukafungwa. Mdomo ukashuka. Nikaendelea mpaka diski ikajaa.

Ofisini tulifunga mlango kwa ufunguo na kuegemeza kiti. Meneja aligonga, rafiki yangu akamjibu kwa sauti kavu kwamba mashine inafanyiwa usafi na harufu ya dawa ni kali. Tukalaza picha moja moja, kila moja na mgao wake. Katikati ya kazi bibi harusi akaota midomo miwili, mmoja umetulia na mwingine unacheka juu yake kama kivuli. Tukaitafuta ile picha ya uchokozi wa shangazi, tukaiondoa, tukaanza upya bila yeye. Na chenga zikaondoka. Zikaondoka shavuni, zikaondoka pajini, zikaondoka kwenye kile kivuli chini ya kidevu nilichokuwa nimekikatia tamaa. Piko ikajitokeza kwenye vidole, mstari kwa mstari, majani madogo ambayo hata mle chumbani sikuyaona kwa macho yangu.

Rafiki yangu alikuwa amejishika mdomo. Hakusema miujiza safari hii. Alisema tu, taratibu, "Ni mrembo, jamani," akabonyeza mashine ya kuchapa, na karatasi ilipotoka akafuta kila kitu kwenye kompyuta.

Kutoka Ukunda nilidandia pikapu iliyokuwa ikipeleka maboga sokoni Msambweni, nikakaa juu ya maboga, picha nimeifungia ndani ya khanga kifuani. Nilipofika wakati wa kuona wagonjwa ulikuwa unakaribia kwisha. Nilipita korido nikitembea ule mwendo ambao si kukimbia lakini watu wanakupisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeleta ugonjwa?"

Nilifungua khanga nikampa.

Wakati uleule daktari kijana aliingia wodini na karatasi zake, akaja moja kwa moja kwenye kitanda chetu. Bibi aliitia picha ndani ya gauni lake kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu aliyefungwa jiwe mguuni.

"Bibi, leo unajisikiaje?"

"Vizuri. Nenda kwa yule wa dirishani, yeye hajisikii vizuri."

"Na hicho ulichoficha ni dawa ya kienyeji?"

"Ni mke mwenzangu. Nenda, mwanangu, Mungu akubariki."

Daktari akanitazama, nikainua mabega, akaondoka. Bibi akaitoa tena. Aliishika mbali, akaisogeza karibu. Hakuifuta. Kidole chake, kile cha shahada, kilianza juu ya utosi, kikafuata mpasuo wa nywele, kikashuka kwenye paji la uso. Kidole kikafika jichoni kikasimama. Kikavuka kwenda jicho la pili. Kikarudi.

"Nani aliyemtia wanja?"

"Mama mkubwa, Bibi."

"Mwambie wa jicho la kushoto umekimbilia sikioni. Aukate ulingane na mwenzake. Na kikuba kimepandishwa mno, kimeziba kidani. Akishushe." Kidole kikaendelea hadi viganjani, kikafuata majani ya piko taratibu, moja, jingine, jingine, mpaka la mwisho. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kazi. "Mikono iko sawa. Mikono iko sawa kabisa. Wakirekebisha jicho, wamtoe."

Nilitaka kupiga vigelegele palepale wodini. Alikuwa ameona kosa! Unafahamu maana yake? Kutoka kitandani Msambweni, kwa karatasi iliyotoka kwenye kamera isiyo na taa, alikuwa ameona mstari wa wanja umepita kiasi kwa upana wa uzi. Nilimshika mkono nikaubusu.

"Picha nirudi nayo, Bibi?"

"Rudi nayo wapi? Hii haina shughuli huko." Akaikunja ndani ya leso yake. "Wewe beba maneno tu. Usisahau, jicho la kushoto."

Sikusahau. Niliyarudia njia nzima, jicho la kushoto, kikuba kishuke, mpaka dereva aliyenibeba aliniuliza kama najifunza kuswali.

Nilipofika Bongwe watu walikuwa wametoka kuswali magharibi na ua umejaa wanawake. Nilipenya mpaka chumbani nikayatoa maneno yote kwa pumzi moja. Mama mkubwa alishika kandili, akaisogeza usoni kwa bibi harusi, akalitazama jicho la kushoto, akalitazama la kulia. Akalitazama tena la kushoto.

"Subhanallah," alisema. "Mama amelala Msambweni na bado ananisahihisha." Hakukasirika. Uso wake ulikuwa umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akachukua kipande cha pamba, akakitia mafuta, akaufupisha ule mkia wa wanja. Akakishusha kikuba, kidani kikaonekana.

"Amesema nini tena?" bibi harusi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Amesema mikono iko sawa," nilimjibu. "Sawa kabisa. Na utolewe."

Alifumba macho. Mama mkubwa akamwambia kwa ukali kwamba wanja haujakauka na asithubutu kulia, na yeye mwenyewe alikuwa analia akisema hivyo. Kisha akaninyooshea kiganja, nikampa ile diski, akaifungia ndani ya sanduku la dhahabu na kuutia ufunguo kifuani.

Wakamtoa. Vigelegele vilianza mlangoni vikaenda hadi barabarani. Akakaa juu ya kiti chake cha juu, macho chini, kimya, na wanawake wakapita mbele yake mmoja baada ya mwingine, wakisogeza nyuso zao karibu kumtazama. Mimi nilisimama nyuma kabisa, sina kamera, nikiruka kwa ncha za vidole vya miguu ili nione juu ya vichwa vyao.